Utafiti umeonyesha, sawa, lakini mlimuuliza nani?

Mhariri,

Assalamu alaikum. Mi ni msomaji wako wa siku nyingi huku Amu, yaani Lamu mjini, gazeti hutufikia limechelewa na boti lakini twalisoma hivohivo mpaka matangazo ya vifo, na kitu kimoja kimenichosha sasa, haya maneno "utafiti umeonyesha". Yakishaandikwa basi mjadala umekwisha, hata mtu akikaa barazani pale Mkunguni akibishana anakutupia hilo hilo, utafiti umeonyesha, na we unanyamaza kwa sababu huna asilimia ya kumjibu.

Nasema hivi kwa sababu nimewahi kuwa ndani ya utafiti mmoja kama huo. Shirika silitaji. Walituchukua vijana kadhaa, siku tatu, wakatupa tableti zina maswali kwa Kizungu na wakatwambia tutafsiri wenyewe tukiwa pale pale na mtu. Mada ilikuwa vijana na ajira Lamu. Msimamizi katoka huko mjini mkubwa, yuataka hesabu itimie kabla ya Ijumaa, akatuweka jeti, pale boti zinapofunga, manake watu wapatikana bila taabu. Saa nne asubuhi! Sasa we Mhariri niambie, saa nne asubuhi jeti ya Lamu utampata nani? Wanafunzi wako shule, wavuvi wametoka alfajiri wako baharini, mafundi wa majahazi wako Matondoni na randa zao, wasichana wengi wako majumbani, na watu wa huko mbali Faza, Kizingitini na Kiunga hata hawajui kama kuna swali linaulizwa. Waliobaki ni wale wanaongojea abiria na wale wamekaa ukutani wanatazama maji. Tukawauliza hao. Baadaye ripoti ikaonyeshwa kwenye prodyekta hotelini, ati vijana wengi wa Lamu hawana shughuli. Ni sawa na mtu aende wodini kuhesabu wagonjwa alafu arudi aseme mji mzima unaumwa.

Na hilo la jeti ni dogo ukilinganisha na lile swali lenyewe. Kizungu kilikuwa chauliza kama mtu ameajiriwa, sisi tukawa twasema tu "una kazi?" Siku ya pili msimamizi akaturuhusu tuingie mitaani kidogo, nikamuuliza mama mmoja wa Langoni, akanijibu hapana mwanangu, sina kazi. Nikabonyeza "hapana", nikaendelea. Huyu mama anapika mahamri na mbaazi kila siku tangu nikiwa mdogo, ndo amesomesha watoto wake kwa mahamri hayo, na asubuhi hiyo hiyo sisi makarani wa utafiti tulikuwa tumekula kwake! Lakini huku kwetu ukimuuliza mtu kazi anaelewa ofisi, mshahara, barua ya kuandikwa. Kusuka ukili si kazi, kupika si kazi, kushona makuti si kazi. Basi nikamuandika hana kazi.

Wenye kujua hii fani hawaulizi hivo. Kipimo cha Shirika la Kazi Duniani ni kwamba mtu akifanya japo saa moja ndani ya wiki, ya kulipwa au kupata faida, huyo ahesabiwa ana kazi. Sensa ya 2019 pia iliuliza siku saba zilizopita mtu alikuwa akifanya nini hasa. Swali kama hilo lampa mtu nafasi ya kueleza, na yule mama angesema mahamri.

Watu hudhani ubaya wa utafiti ni uchache wa watu. Si hivo tu. Mwaka 1936 kule Marekani gazeti moja, Literary Digest, lilituma karatasi zaidi ya milioni 10 kuuliza watu watampigia nani urais, zikarudi zaidi ya milioni 2, likatangaza Landon atamshinda Roosevelt. Roosevelt akachukua majimbo 46 kati ya 48. Majina waliyatoa sana kwenye orodha za wenye simu na wenye magari, na wakati ule wa shida ya uchumi mwenye simu na gari si mtu wa kawaida, tena waliorudisha karatasi ni wale waliotaka wenyewe. Gallup, mpimaji mwengine wa kura za maoni, kwa watu kama 50,000 tu alisema Roosevelt atashinda. Miaka miwili baadaye gazeti likafa. Kwa hivo zile kura za WhatsApp na za kupiga simu redioni hata wakijibu laki moja ni porojo tu.

Watu 1,000 waliochaguliwa kwa bahati nasibu ya kweli, yaani kila mtu ana nafasi yake ya kuchaguliwa, wanakupa jibu ambalo laweza kukosea kama asilimia 3 juu au chini, na haijalishi sana kama unapima Lamu yetu, iliyokuwa na watu 143,920 kwa sensa ya 2019, au Kenya yote iliyokuwa na milioni 47. Taabu ni hiyo bahati nasibu. Ule utafiti mkubwa wa afya wa 2022 wa KNBS, shirika la takwimu la taifa, ulifika kaunti zote 47, takriban nyumba 38,000, na nyumba zachaguliwa mapema kwenye orodha. Ukikuta mlango umefungwa unarudi tena na tena, huruhusiwi kuingia kwa jirani ati kwa sababu yeye yuko na ana chai. Hiyo ndo ghali, na ndo sababu wengine wanakaa jeti.

Na msimu jamani. Muulize mvuvi mapato yake wakati wa kusi bahari imechafuka, alafu muulize huyo huyo wakati wa kaskazi, utadhani ni watu wawili. Mwengine naye akiona vitu viwili vimekuja pamoja basi kimoja kimezaa kingine. Disemba huku maembe tele na watalii tele, kwa hesabu hizo maembe ndo yanaleta watalii.

Sisemi utafiti mdogo hauna maana. Mtu akikaa Pate mwaka mzima na wanawake ishirini, akawasikiliza, atajua mambo ambayo fomu haitajua kamwe. Ila huyo asije na asilimia.

Ombi langu kwako Mhariri. Sheria ya 2012 ya kura za maoni za uchaguzi inataka anayechapisha aseme nani alilipia, waliulizwa wangapi, lini, na makosa yaweza kuwa kiasi gani. Kwa nini iwe ni wanasiasa tu? Ukiandika utafiti wowote unaotuhusu, hata wa ndoa au miraa au shule, tuwekee hayo na swali lenyewe lilivoulizwa, mistari mitatu tu yatosha, na kama hawataki kukupa basi usichapishe.

Mi zile siku tatu nililipwa, sikatai, na hela nilizila. Lakini mtu yeyote wa kaunti anayepanga miradi ya vijana kwa ile ripoti akinijia nitamueleza niliijaza vipi, na nitampeleka Langoni akale mahamri kwanza.

Aliyekuwa karani,
Lamu