Ukaguzi wa sanduku la huduma ya kwanza, Jumamosi

Ndugu wanakikundi, salamu kwenu nyote.

Nawakumbusha kwamba Jumamosi hii, saa 4:00 asubuhi, tutakutana katika chumba cha mikutano cha ghorofa ya chini ili kukagua vifaa vyetu vya dharura na kufanya mazoezi ya kukandamiza kifua, yaani mikandamizo 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina kisichopungua sentimita 5 kwa mtu mzima.

Nilipofungua sanduku juzi nilikuta plasta zimepoteza gundi, mkasi haupo (aliyeuazima aurudishe, hataulizwa neno), na pedi za mashine ya kushtua moyo zinakaribia kuisha muda wake. Hizo ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa zikikauka hazishiki vizuri kifuani.

Kwa hiyo naomba:
1. Kila mmoja alete sanduku la nyumbani kwake, hata kama ni pungufu.
2. Walio zamu waangalie kama mshale wa kila mtungi wa kuzimia moto uko kwenye rangi ya kijani.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi, saa 12:00 jioni, ili nijue niandae glavu ngapi.