Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: faili kwanza, godoro baadaye

Ndugu wanachama,

Kamwene. Hesabu za mwaka mmeshagawiwa na mweka hazina, sitazirudia. Hapa nitaeleza kazi yenyewe: nini kimefanyika kwenye makao yetu ya watoto hapa Njombe, wapi tumekwama, na kwa nini kamati inawaomba mbadili kifungu kimoja cha matumizi kabla ya kufunga kikao.

Sheria ya Mtoto, Na. 21 ya mwaka 2009, inamtambua mtoto kuwa ni mtu mwenye umri chini ya miaka 18. Siku kijana anapovuka umri huo, makao hayana tena msingi wa kumlea kama mtoto. Kwa miaka mingi chama kimemwandalia siku hiyo sanduku, nguo mpya na keki. Huko nje kinachomkwamisha mwezi wa kwanza ni karatasi iliyopaswa kutafutwa akiwa darasa la pili. Kwa hiyo nguvu kubwa ya mwaka huu imekwenda kwenye mafaili, na najua wapo wanachama waliouliza kwa nini hatujapaka bweni rangi.

VYETI

Mtoto akipokelewa, faili lake linafunguliwa siku hiyohiyo, na aliyemleta, awe afisa ustawi wa jamii au ndugu, haondoki kabla ukurasa wa kwanza haujajaa. Tunaandika majina matatu ya mtoto, ya baba na ya mama. Kijiji na kitongoji alikozaliwa kila mmoja wao. Zahanati mtoto alikozaliwa, au jina la mkunga kama alizaliwa nyumbani. Ndugu wawili wa kuumeni na wawili wa kuukeni, na simu zao. Watu huona maswali haya ni usumbufu mbele ya mtoto anayelia. Lakini bibi anayeyajua majibu ni mzee, na fomu ya kitambulisho cha taifa, ya NIDA, itakuja kumuuliza kijana huyo wazazi wake walizaliwa wapi. Asipopata namba ya NIDA hasajili laini ya simu kwa jina lake, hafungui akaunti, na mwajiri anamwambia arudi akishaipata.

Cheti cha kuzaliwa kwa aliye chini ya miaka mitano ni kazi nyepesi: usajili unafanyika kwenye vituo vya afya na ofisi za kata, bila malipo. Aliyevuka umri huo anapitia kwa msajili, ofisi ya mkuu wa wilaya, au kwenye eRITA, mfumo wa mtandaoni wa RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Ushahidi bora ni tangazo la kizazi, ile karatasi inayotolewa mtoto anapozaliwa. Likipotea, tunakusanya kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule na barua ya mtendaji wa kijiji, kisha tunapeleka vyote kwa mkupuo mmoja. Tukipeleka kimojakimoja kila safari inazaa safari nyingine, na nauli ya mlezi inazidi ada ya cheti.

Kinachoharibu ni majina. Kliniki mtoto aliandikwa jina la nyumbani, kanisani akapewa la ubatizo, mwalimu akaandika alivyosikia, na wakati mwingine makao yenyewe, kwa nia njema kabisa, yakambandika jina la ukoo la mfadhili. Majina yanayoingia kwenye usajili wa mitihani ya taifa ndiyo yatakayotoka kwenye cheti, na cheti kikishatoka, Baraza la Mitihani (NECTA) halibadilishi majina. Kuanzia mwaka huu tumeweka darasa la tatu kuwa mwisho wa kulinganisha, kabla ya upimaji wa darasa la nne: cheti cha kuzaliwa, rejista ya shule na faili letu viwe na herufi zilezile, kwa mpangilio uleule. “Yohana” na “Johana” ni watu wawili mbele ya kompyuta. Na hatutoi tena majina ya wafadhili kwa watoto.

Cheti cha kifo cha mzazi ndicho tulichokuwa tukikisahau kuliko vyote. Yatima anayeomba mkopo wa elimu ya juu kwa Bodi ya Mikopo (HESLB) anatakiwa kuambatisha vyeti vya vifo vya wazazi vilivyohakikiwa na RITA. Asipokuwa navyo, mfumo unamhesabu kuwa ana wazazi. Dirisha la maombi ni la muda mfupi, nao hauwezi kutosha kusajili kifo kilichotokea kijijini miaka kumi na miwili iliyopita, ambapo marehemu alizikwa bila kibali cha mazishi na mtendaji wa wakati ule ameshahama. Ndiyo maana tunaanza mapema, ndugu wangali hai na kaburi linajulikana. Mtendaji anaandika barua, ndugu wawili wanathibitisha, tunapeleka kwa msajili wa wilaya. Nakala halisi zinabaki kabatini makaoni, chini ya ufunguo wa mtu mmoja, na nakala za kivuli kwa katibu wetu. Kijana anapoondoka anasaini na kupewa halisi mkononi. Tusimpelekee kwa basi, tumeshaona bahasha zinavyopotea.

SHAMBA LA MAREHEMU

Tangu parachichi lishike kasi Njombe, robo heka iliyokuwa pori la kuchungia mbuzi imekuwa mali ya kugombaniwa. Mtoto akiwa makaoni hana wa kuitazama. Akirudi na miaka 18 anakuta miche ya mtu mwingine ina miaka minne.

Hatuwezi kuwa wakili wa kila mtoto, lakini mambo matatu tunayaweza. La kwanza ni kuandika eneo liko kitongoji gani na limepakana na nani pande zote nne, na kulipiga picha. La pili ni kupeleka barua kwenye halmashauri ya kijiji kueleza kwamba eneo ni la watoto wa marehemu fulani, na kubaki na nakala yenye mhuri. La tatu ni kuuhimiza ukoo ukae kikao, uandike muhtasari na kumpeleka msimamizi wa mirathi mahakama ya mwanzo. Hili la tatu ndilo gumu. Ndugu wanaogopa kwamba mambo yakiwekwa wazi, kila aliyemega eneo ataonekana. Pale ambapo ukoo umekataa, tumemwachia afisa ustawi wa jamii, ambaye ana mamlaka tusiyokuwa nayo.

MAZIWA

Wengi wa vichanga wanaoletwa ni wale ambao mama amefariki kwa uzazi. Wana baba, wana bibi, wana shangazi. Wanaletwa kwa sababu nyumbani hakuna maziwa. Ukishajua hivyo, swali la busara ni kama maziwa yanaweza kumfuata mtoto nyumbani, badala ya mtoto kuyafuata makaoni. Utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, kuanzia miaka ya 2000 na 2001 kwa watoto 136 ulionyesha kwamba waliolelewa kwenye familia waliwapita waliobaki kwenye taasisi katika ukuaji wa akili na katika kushikamana na mlezi, na kwamba umri wa kutolewa taasisini una uzito. Nasi Waafrika hatukuhitaji Romania kutufundisha maana ya mgongo wa bibi.

Hesabu yenyewe ni hii. Kichanga anahitaji takriban mililita 150 za maziwa kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 4 anakunywa mililita 600, zikigawanywa mara 8. Kopo la gramu 400 hutoa karibu lita 3, kwa hiyo linakwisha kwa siku tano. Kwa miezi sita ya kwanza panga kilo 20 za maziwa ya unga, yaani makopo 50. Gharama hiyo inatisha ikisomwa peke yake. Iwekeni kando ya mshahara wa mama mlezi, kuni, maji na kitanda kwa miaka mitatu au minne, ambayo mtoto huyo angekaa makaoni, ndipo mtaona.

Yanayokwenda mrama nyumbani ni mawili. Bibi anazimua ili kopo lifike mwisho wa mwezi: kijiko kimoja mahali pa viwili, na mtoto anakonda huku anashiba maji. Dawa yake ni kumpelekea kila wiki makopo ya wiki hiyo, na mtoto kupimwa uzito zahanati. La pili ni chupa. Chuchu ya plastiki haisafishiki vizuri penye maji ya kubeba kichwani, na kuhara kunaanzia hapo. Tumeacha kugawa chupa. Tunatoa kikombe kidogo kisicho na mfuniko, ambacho huoshwa kwa sabuni na kuchemshwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anakaa na bibi hadi amwone ananywesha mtoto bila kumpalia. Maziwa yaliyobaki kikombeni baada ya kumnywesha mtoto hayangojei zamu inayofuata. Anapewa mtu mwingine, au yanamwagwa.

VIJANA WALIO KWENYE DAWA

Mkoa wetu ndio wenye maambukizi ya juu ya VVU nchini: utafiti wa 2022–2023 ulikuta asilimia 12.7 kwa wenye miaka 15 na zaidi, wakati taifa lilikuwa na 4.4. Kwa hiyo makaoni wapo watoto waliozaliwa nao. Dawa zinapatikana bila malipo CTC, kliniki ya matunzo na tiba kwa wenye VVU, na hapo hatuna la kununua. Upungufu ulikuwa kwenye maneno. Mtoto alikuwa akimeza kidonge miaka yote akiambiwa ni cha kifua, kisha anagundua shuleni, na hapo ndipo anapoanza kuvitupa chini ya godoro. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto aelezwe hali yake kati ya miaka 6 na 12, kwa hatua, kadiri anavyoelewa. Walezi sasa wanafanya hivyo pamoja na mshauri wa kliniki, wala si siku moja ya kumwita ofisini na kufunga mlango. Anayehama anaondoka na barua ya uhamisho ya CTC na dawa za kumtosha hadi tarehe ya kliniki mpya. Pasipo barua hiyo, kliniki ya mjini humwanzishia foleni upya na dozi zinakatika.

KUTOKA

Kijana wa makaoni anajua kusonga ugali wa sufuria la watoto arobaini. Hajui ugali wa mtu mmoja unaanza na maji kiasi gani. Hajawahi kununua chumvi, hajui kubishana na dalali, na hajawahi kuishiwa na umeme wa LUKU kwenye nyumba ya wapangaji sita wenye mita moja. Kwa hiyo kuanzia miaka 16 kila kijana anapewa fedha ya chakula ya wiki moja kila mwezi, ananunua na kupika mwenyewe kwenye jiko la nyuma. Wiki za mwanzo fedha huisha Jumatano. Hatuiongezi, anarudi kwenye sufuria la wote na mwezi ujao anajaribu tena.

Siku ya kuondoka tunalipa kodi ya chumba moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa kuwa wengi wao hudai miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Tunatoa godoro, mablanketi mawili, sufuria mbili, ndoo mbili, beseni, kisu, kufuli na jiko. Tunatoa pia onyo moja ambalo lazima lisemwe kwa sauti, kwa baridi yetu ya Juni na Julai: jiko la mkaa halilali ndani ya chumba kilichofungwa. Gesi yake haina harufu wala moshi, na watu hawaamki. Fedha ya kujikimu tunaitoa kwa awamu sita, moja kila mwezi. Ilipotolewa yote siku moja, ndugu waliokuwa hawaonekani walijitokeza wiki hiyohiyo.

Kwa waliosoma ufundi, vifaa vya kazi tunaviazima kwa miezi sita, kisha vinakuwa vyao. Cherehani iliyotolewa moja kwa moja mara nyingi ndiyo inayouzwa mgonjwa akitokea. Fundi umeme tunamkumbusha pia kwamba cheti cha ufundi cha VETA peke yake hakimruhusu kusaini kazi za watu. Leseni inatoka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, na aiombe mapema.

CHAKULA NA WAGENI

Mahindi tunayapokea yakiwa makavu tu. Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia punje na chumvi kavu kidogo, tikisa, subiri dakika kumi na tano. Chumvi iking'ang'ania ukuta wa chupa, mahindi yana unyevu na yatashika sumukuvu, sumu itokanayo na ukungu, hata kama yametolewa sadaka. Hii imetugombanisha na watoa sadaka wawili watatu, na kamati inasimama hapohapo.

Wageni wa wiki mbili hawabebi tena vichanga. Wanaotaka kusaidia wapange faili, wakarabati choo, au wafundishe walezi.

MAOMBI KWA MKUTANO

Kifungu cha “majengo na samani” kihamishwe nusu yake kwenda “vyeti, maziwa ya nyumbani na vijana wanaotoka”. Paa la bweni la wavulana limetengwa, halimo kwenye nusu hiyo. Pili, tunahitaji wanachama wanane wa kushika kijana mmoja mmoja kwa mwaka wa kwanza: kupigiwa simu usiku, kwenda naye ofisini, kuwa mdhamini kwenye fomu inapohitajika. Anayejitolea asome fomu kabla ya kusaini, maana udhamini wa mkopo ni ahadi ya kisheria. Tatu, anayesafiri kwenda wilayani mara kwa mara aandikishe jina lake kwa katibu leo, tumpe bahasha za wasajili asogee nazo. Za Ludewa na Makete ndizo nyingi.