Kwa vijana mnaosomea uhandisi wa ujenzi: namba za udongo haziazimwi

Wanangu na wajukuu zangu,

Mwezi uliopita mmoja wenu alinijia na ripoti ya udongo ya mradi wake wa mwisho, akitaka niipitishie macho kabla hajaikabidhi. Mashimo matatu, na unyevu kwenye yote matatu ni uleule, hadi desimali ya pili. Nikamuuliza, "Mwanangu, mashimo haya ulichimba wewe?" Akainamia viatu vyake. Viatu vyenyewe vilikuwa safi mno.

Sikumgombeza, maana na mimi niliwahi. Nikiwa fundi kijana wa maabara, mvua ilinizuia kufika kiwanja kimoja hapa Nairobi, nikachukua namba za kiwanja cha jirani nikazipachika. Mwaka wa pili ukuta wa bweni lililojengwa pale ukapasuka, ufa wa kupenya kidole, kutoka dirishani hadi chini. Kwa jirani udongo ni mwekundu, mgumu. Pale kwetu ulikuwa ule mweusi unaofura masika na kusinyaa kiangazi. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, ila ufa ule hadi leo naweza kuwachorea.

Basi nikamsimulia habari za Profesa Karl Terzaghi, baba wa mekanika ya udongo, yaani elimu ya jinsi udongo unavyobeba majengo. Jina lake nyote mnalo, mnalikariri usiku wa kuamkia mtihani. Mtu mwenyewe ndiye hamjuani naye.

Alizaliwa Prague mwaka 1883, akasomea uhandisi wa mitambo Graz. Mwaka 1912 alivuka kwenda Marekani, akazunguka kwenye mabwawa ya upande wa magharibi akikusanya habari za miamba, udongo na misingi iliyoharibika. Alitaka kupata kanuni ya kumwezesha mjenzi kujua mapema ardhi itamfanyia nini. Miaka miwili, akarudi mikono mitupu. Kila alipouliza ni udongo gani, aliambiwa "mfinyanzi", au "mchanga", basi. Na mfinyanzi wa huku na mfinyanzi wa kule ni kama Juma na Juma: jina moja, tabia mbali kabisa. Hakuna aliyekuwa ameupima.

Kazi ya kuupima aliifanyia Istanbul. Alifika 1916 kufundisha wahandisi, Vita Kuu ya Kwanza vilipoisha akapoteza kazi, akapokelewa na Robert College, chuo cha Wamarekani kando ya Bosporus. Maabara ya udongo haikuwapo. Akaunda vyombo vyake kwa makasha ya sigara na vyuma alivyookota jalalani. Nyinyi mnaolalamika kwamba mashine ya chuo imeharibika, someni sentensi hiyo tena.

Alichokigundua pale bibi yako anakijua jikoni. Ukitia nazi iliyokunwa kwenye kifumbu ukaanza kukamua, mwanzoni nguvu ya mkono wako inabebwa na tui. Tui linavyotoka ndipo chicha zinapobanana na kubeba mzigo zenyewe. Mfinyanzi chini ya jengo ni hivyohivyo: uzito hupokelewa kwanza na maji yaliyomo, nayo yakitoka polepole, chembe zinashikana na jengo linatitia. Mchanga hukamuka upesi, mfinyanzi huweza kuchukua miaka. Na tabaka likizidi unene mara 2, muda unazidi mara 4. Mwaka 1925 aliyachapisha hayo Vienna kwa Kijerumani, na somo la mekanika ya udongo likapata msingi wake.

Yaliyofuata ni ya kawaida kwa profesa mkubwa: chuo cha MIT kule Marekani mwaka huohuo, Vienna 1929, kisha Harvard, Marekani tena, baada ya Ujerumani kuimeza Austria mwaka 1938. Sisemi alikuwa malaika. Ugomvi wake na profesa mwenzake wa Vienna, Paul Fillunger, kuhusu nadharia hizohizo, uliishia kwenye msiba mwaka 1937. Alifariki 1963.

Lakini ninachotaka mkiangalie kiko hapahapa kwetu. Bwawa la Sasumua, kule Kinangop, ambalo baadhi ya maji ya Nairobi hutoka huko, lilijengwa miaka ya 1950, na Terzaghi aliandika juu yake mwaka 1958. Mfinyanzi wa pale ulitia watu shaka. Ulikuwa na maji mengi kupita kiasi, na ukiushindilia ni mwepesi. Kwa vipimo vilivyozoeleka ungetupwa. Kumbe una madini ya haloisaiti, na chembe zake zimegandamana kuwa vidonge vigumu vyenye vitundu. Maji yamejificha ndani ya vidonge, hayalegezi kitu. Udongo ulioonekana dhaifu kwenye karatasi ulikuwa imara bwawani. Mzee yule, aliyekwisha andika vitabu vya kufundishia dunia nzima, hakukubali jedwali limwambie udongo wa Kinangop ni upi.

Siku hizi mna programu za kompyuta zinazochora mtitio wa jengo kwa rangi saba. Nzuri sana, natamani ningekuwa nazo. Ila kompyuta haikuulizi viatu vyako vikoje.

Na wewe uliyeniletea ile ripoti, sijamtajia mtu jina lako. Jumamosi nipo nyumbani. Njoo na udongo wenyewe, wa kila shimo kwenye mkebe wake, kifuniko kimezibwa kwa nta usikauke njiani. Mizani ninayo.

Ni mimi babu yenu.