Harambee ya Baba Mapacha: aliugulia kazini Iowa, anaishi Illinois, na kila upande unamwambia aende ule mwingine

Bwana Yesu asifiwe wapendwa wote, wa hapa Rock Island na Moline upande wa Illinois, wa ng'ambo ya mto kule Davenport upande wa Iowa, na nyie mliohamia Kentucky na Texas lakini bado mnatukumbuka. Mimi ni katibu wa kamati ya huruma ya kanisa, naandika kwa niaba ya wazee na mama zetu wa kwaya, na nawaomba msome mpaka mwisho maana habari yenyewe ni ndefu kidogo.

Ndugu yetu mnamjua, ni yule Baba Mapacha anayekaaga karibu na spika upande wa kushoto. Jina lake ameomba lisiandikwe huku kwa sababu ya kesi. Tangu Pasaka hamjamwona kwenye ngoma na najua kuna waliosema amepoa kiroho, jamani hajapoa, hawezi. Wiki iliyopita tulienda kumtembelea, tukamkuta chini anatoka kuchukua barua, anakaa ghorofa ya pili na zile ngazi ni kumi na nne, nilizihesabu kwa sababu alisimama mara tatu, na ile mara ya tatu alishika ukuta akafunga macho, hakuna aliyeongea mpaka pumzi ilipomrudia. Ana miaka 41.

Kazi iliyomfikisha hapo ni kukata mawe ya kaunta za jikoni, miaka sita, kwenye kampani moja upande wa Iowa. Yale mawe hayachimbwi mlimani, yanatengenezwa kiwandani, kwatsi, lile jiwe gumu la kung'aa, inasagwa afu inachanganywa na gundi, na ndani yake silika, yaani yale madini ambayo vumbi lake linaharibu mapafu, mara nyingi inapita asilimia 90, wakati graniti ya kawaida haifiki hata nusu. Likikatwa kavu linatoa vumbi jeupe laini kama unga wa muhogo, ye mwenyewe anasema jioni akivua kofia watoto walikuwa wanamcheka, eti baba ametoka kutwanga fufu. Maji yanatakiwa yamwagike kwenye msumeno muda wote, lakini kwenye kusugua kona na kutoboa tundu la sinki walikuwa wanafanya kavu ili oda zitoke haraka, na barakoa waliyopewa ni ile ya bluu ya karatasi tuliyovaa wote wakati wa korona. Sheria ya hapa Marekani kuhusu hilo vumbi ipo tangu 2016, mwisho mikrogramu 50 kwenye mita moja ya ujazo ya hewa kwa zamu ya saa 8, na Australia wao wameyapiga marufuku hayo mawe kabisa tangu Julai 2024. Baba Mapacha hakuna aliyemwambia hata neno moja la hayo, ye alijua ni vumbi tu, akirudi anaoga anaenda kulala.

Kikohozi kilipoanza sisi wote tulisema TB. Si tumetoka Nyarugusu, kambi ya wakimbizi kule Tanzania, tunaijua TB. Akapimwa makohozi yakatoka safi, akapewa antibiotiki, akapewa tena, akapewa na ile ya kuvuta ya watu wa pumu, na muda wote huo anaendelea kwenda kazini. Mwisho akampata daktari mmoja mama mtu mzima ambaye kabla ya kumgusa alimuuliza kwa mkalimani wa simu, unafanya kazi gani, ukikata hilo jiwe unaona vumbi? Akapelekwa skani siku ileile, jibu likatoka silikosisi. Ni makovu kwenye mapafu yanayoletwa na lile vumbi la silika, yakishaingia hayatoki, dawa ya kuyaponya haipo, na yakifika mbali kinachobaki ni kubadilishiwa mapafu.

Sasa kuhusu fidia, hapa ndo wengi mnaniuliza. Kwa sisi tunaofanya kazi kwenye makampani, fidia ya wafanyakazi haiko kwa serikali kuu, kila jimbo lina sheria yake, ofisi yake, fomu zake na hesabu yake ya siku. Kutoka kwake mpaka kazini ni kupita daraja la Centennial tu, dakika kumi, lakini kwenye makaratasi ni kama amevuka mpaka wa nchi. Alipouliza kwenye ofisi upande wetu akaambiwa kazi ilikuwa Iowa nenda Iowa. Iowa inataka mwajiri apewe taarifa ndani ya siku 90, hiyo namshukuru Mungu tuliiwahi, barua ilienda kwa posta ya kusainiwa na risiti yake ameiweka ndani ya Biblia. Bima ya kampani ikajibu kwamba inakataa, na sababu waliyoandika iliniuma sana, eti huenda vumbi alilitoa Kongo kwenye migodi. Huyu mtu aliingia Nyarugusu 1996 akiwa mtoto wa miaka 12, mgodi hajawahi kuukanyaga! Kabla ya hapo walikuwa wameshamletea karatasi asaini apewe dola 3,000 yaishe. Hakusaini.

Wakili tuliyempata alimuuliza kitu ambacho sisi hatukukifikiria, kwamba ile kazi uliikubali ukiwa wapi? Akamwambia nilikuwa jikoni kwangu Rock Island, simu iko kwenye spika, binti yangu mkubwa anatafsiri, nikasema ndiyo nitaanza Jumatatu. Kumbe hilo ni jambo kubwa, maana sheria ya Illinois inaweza kumchukua mtu aliyefanyia kazi jimbo lingine kama makubaliano ya ajira yalifungwa ndani ya Illinois, na Illinois mgonjwa ana haki ya kujichagulia daktari, wakati Iowa anayechagua ni mwajiri. Kwa hiyo madai yanafunguliwa pande zote mbili. Hatalipwa mara mbili, kitakacholipwa huku kitakatwa kule, lakini angalau mlango mmoja ukifungwa mwingine uko.

Kuna mpendwa aliuliza kwenye grupu, kama wakili halipwi mpaka kesi ishinde hizi hela ni za nini. Swali zuri. Wakili kweli hachukui kitu sasa, akishinda Illinois kwa kawaida mwisho wake ni asilimia 20. Ila kesi ni ya miezi mingi na huku mshahara wa baba umekatika kabisa, mama mapacha anafanya zamu ya usiku kiwanda cha nyama, asubuhi anarudi anawapeleka watoto shule ndo analala. Nyumba ni dola 950 kwa mwezi, tunataka kuibeba miezi minne. Ripoti ya daktari bingwa wa mapafu atakayeandika kwamba ugonjwa umetoka kazini tumeambiwa ni kama dola 1,500, na bila hiyo karatasi maneno ya migodi ya Kongo yatasimama. Inayobaki ni petroli ya kwenda Iowa City kwa vipimo, ni saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, pamoja na kutafsiri hati zake za kambini zinazoonyesha tarehe. Jumla tunatafuta dola 6,500, mpaka jana usiku mweka hazina alikuwa na 1,870.

Jumapili ijayo baada ya ibada ya saa nne tunafanya harambee palepale kanisani, kwaya wanapika sombe na samaki, sahani dola 15, anayetaka kutoa zaidi anatoa. Mlio mbali tumeni kupitia mtu mnayemwamini hapa kanisani, kila jina litasomwa na kila senti itaandikwa kwenye daftari linaloonekana na wote. Hata dola tano tutaipokea kwa mikono miwili.

Na ombi lingine sio la hela. Kuna ndugu watatu au wanne waliofanya kazi na Baba Mapacha kwenye ile kampani, wengine mmeshahamia majimbo mengine. Wakili anahitaji mtu wa kuandika kwa mkono wake kwamba mlikuwa mnakata kavu, na ni mashine gani. Kama unaogopa niambie tuongee kwanza. Na kama wewe mwenyewe umeanza kukohoa, usisubiri, mwambie daktari ulikuwa unakata mawe, mtajie vumbi hata asipokuuliza.