Mwanangu, usirudishe jezi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku hatujambo, mama yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma na umenikosesha usingizi. Unasema kocha amepanga kambi wiki ileile ya mtihani wa anatomia, umechoka, na sasa unataka kuacha mbio ubaki na vitabu tu. Kabla hujarudisha jezi, nisikilize kwanza.

Kuna mtu aliyekimbia mbio zako na kusoma masomo yako. Anaitwa John Baxter Taylor. Alizaliwa Washington mwaka 1882, wazazi wake waliwahi kuwa watumwa, akakulia Philadelphia. Katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania alianza na masomo ya fedha, kisha akahamia udaktari wa mifugo. Mbio zake zilikuwa yadi 440, yaani mita 400 na kidogo. Ubingwa wa vyuo vya Marekani aliuchukua mwaka 1904, akauchukua tena 1907 na 1908. Na mwaka huohuo wa 1908 akahitimu udaktari, akaenda na Olimpiki ya London.

Usidhani alipata mteremko. Alikuwa mweusi katika vyuo ambavyo wanafunzi weusi walikuwa wachache mno. Walikimbia juu ya changarawe ya makaa, na vibao vya kuanzia unavyovijua wewe havikuwepo. Kila mmoja alikuja na mwiko mdogo, akachimba vishimo viwili nyuma ya mstari, akapachika vidole vya miguu humo, akangoja bastola.

Mike Murphy, kocha wa Pennsylvania, ndiye aliyeifundisha pia timu ya Marekani iliyokwenda London. Alikuwa mkali, lakini alionya sana juu ya mazoezi ya kupita kiasi. Mkimbiaji aliyechakaa kabla ya siku yenyewe hakuwa na faida kwake. Hilo ulishike, maana kocha wako anakukimbiza asubuhi na jioni halafu anashangaa muda wako unapanda.

Sasa sikia ya London. Fainali ya mita 400 ilikuwa tarehe 23 Julai. Wanaume wanne: Wamarekani watatu, Taylor, Robbins na Carpenter, na Mwingereza mmoja, Halswelle. Hapakuwa na njia zilizogawanywa, kila mtu alijitafutia nafasi. Walipoingia mita za mwisho, Halswelle akataka kupita kwa nje. Carpenter naye akazidi kusogea kulia, akamsukumia pembeni kabisa ya uwanja. Waamuzi, ambao wote walikuwa Waingereza, wakapiga kelele, utepe ukakatwa, mbio zikafutwa. Carpenter akaondolewa, na ikaamriwa mbio zirudiwe tarehe 25, safari hii njia zitengwe kwa kamba.

Taylor hakuwa ameshtakiwa kosa lolote. Nafasi yake ilikuwepo. Lakini Wamarekani waliona Carpenter ameonewa, na Taylor na Robbins wakagoma kurudia. Halswelle akakimbia peke yake uwanja mzima, akapewa dhahabu. Mimi mpaka leo naona Taylor angekimbia tu. Mama yako anasema hapana, mwenzako akionewa husimami kwenye mstari kana kwamba hakuna kilichotokea. Tumebishana sana juu ya hilo, na wewe utatuambia unavyoona.

Siku hiyohiyo ya tarehe 25 kulikuwa na fainali ya kupokezana: wawili mita 200, mmoja 400, wa mwisho 800. Hamilton akaanza, akafuata Cartmell, naye wa Pennsylvania, kisha Taylor akachukua mzunguko wa 400, na Sheppard akamalizia. Wakawaacha Wajerumani na Wahungari nyuma. Ndivyo Taylor alivyokuwa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya Olimpiki.

Desemba mwaka huohuo homa ya matumbo ikamchukua. Alikuwa na miaka 26. Mimi niliyeitumikia kazi hii ya kutibu mifugo maisha yangu yote huwa naumia nikifikiria mifugo ambayo hakuwahi kuitibu.

Kwa hiyo usiniambie mtu wa anatomia hawezi kukimbia. Jumatatu nenda kwa kocha na ratiba ya mitihani mkononi. Mwambie kwa heshima kwamba wiki hiyo huendi kambini, utakimbia mwenyewe mara mbili tatu jioni, na mtihani ukiisha utaungana na wenzako. Akikataa, mwone mwalimu mlezi wa michezo. Akikataa na huyo, nipigie, nitakuja mwenyewe. Sapu ya anatomia, yaani kurudia mtihani, siitaki, na mzunguko wako kwenye timu ya kupokezana siutaki apewe mwingine.

Njumu nimezituma kwa basi la kesho, zimo kwenye mfuko pamoja na karanga za mama yako. Mdogo wako anauliza mashindano ni tarehe ngapi, tuje wote.

Ni mimi,
Baba yako