Barua ya wazi kwa mpwa wangu wa Ngamiani anayeanzisha kundi la kusikiliza muziki

Mpwa wangu,

Salamu kwako na kwa wenzako wote hapo Ngamiani, mjini Tanga. Nimefurahi mno kusikia mnataka kufungua kundi la simu la kusikiliza pamoja muziki wa zamani wa Tanga. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu Muheza, Pangani na kwingineko wapo wenye nia hiyo hiyo, na makundi ya namna hii huuawa na wingi wa nyimbo. Mtu anamwaga faili arobaini usiku mmoja, hakuna anayesikiliza hata tatu, kisha kundi linageuka kuwa la picha za asubuhi njema. Nyinyi wekeni wimbo mmoja kwa kikao. Mmoja tu.

Kazi kubwa iko kwenye kanda za kaseti zenye nyimbo hizo. Hapo pwani unyevu unaziharibu, kwa hiyo kabla ya kucheza chochote tazama ukingo wa utepe kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe, huo ni ukungu. Usiiingize kanda hiyo kwenye redio kaseti, kwani ukungu utabaki kwenye kichwa, yaani kipande kinachosoma utepe, na kuhamia kanda inayofuata. Kanda iliyo safi ipeleke mbele mpaka mwisho, irudishe, ndipo uicheze, maana utepe uliolala miaka mingi hushikamana. Kichwa cha redio kisafishe kwa spiriti na kijiti cha pamba, ukiache kikauke.

Usiweke simu mbele ya spika. Tumia waya kutoka tundu la hedifoni la redio kaseti hadi tundu la kompyuta la kuingizia sauti. Kama kompyuta ina tundu la maikrofoni peke yake, punguza sana sauti ya redio, kwa sababu tundu hilo limetengenezwa kwa mawimbi madogo. Audacity ni programu ya bure ya kurekodi sauti na inatosha. Vilele vya sauti viishie karibu na desibeli -6; vikigusa 0 sauti inapasuka, na mpasuko huo hautoki tena. Upande mmoja wa kanda ya dakika 60 ni dakika 30, na kwa WAV (faili isiyobanwa) ya stereo, yaani chaneli mbili, kHz 44.1 na biti 16, utapata faili ya takriban megabaiti 317. Hiyo itunze sehemu mbili tofauti, wala usiitume kwa mtu.

Sikiliza kasi. Mkanda wa mpira ndani ya redio ukilegea, utepe unasuasua na mwimbaji wa kike anaanza kusikika kama mwanamume. Kasi ikipungua kwa karibu asilimia 6, wimbo mzima umeshuka nusu toni. Unaporekebisha, badilisha kasi pamoja na kimo cha sauti. Ukigusa mwendo peke yake, ngoma zitawahi lakini sauti itabaki nzito vilevile.

Kanda nyingi zilinakiliwa kutoka santuri, na santuri nyingi za zamani ni mono, yaani chaneli moja, hivyo faili ya mono inafaa na ni nusu ya ukubwa. Tahadhari moja: kichwa cha redio kikiwa kimekaa mshazari, ukiunganisha chaneli mbili unapoteza sauti nyembamba, na gita la solo linafifia. Hapo chagua chaneli moja iliyo safi, nyingine iache.

Nakala ya kundi iwe MP3 (faili iliyobanwa) ya kilobiti 128 kwa sekunde, yaani kama megabaiti 1 kwa dakika. Wimbo wa dakika tatu haumalizi bando la mtu. Kwenye WhatsApp itume kama hati. Ukiituma kama sauti ya kawaida jina lake hupotea, na mpokeaji anabaki na herufi za AUD na tarakimu zisizomwambia kitu. Telegram ina faida nyingine: historia ya kundi unaweza kuiacha wazi, na anayejiunga leo akasikia ya mwezi uliopita.

Sasa kikao chenyewe. Msijaribu kupiga muziki ndani ya simu ya pamoja. Mitambo ya simu hizo imewekwa kusafisha maneno na kufuta kelele, nayo huuona mlio mrefu wa fidla kuwa kelele. Faili ipelekwe saa 12 jioni, kila mtu apakue. Saa 3 usiku kamili msimamizi aandike "Anza". Tofauti ya sekunde moja au mbili haina madhara kwa kuwa maoni ni ya maandishi. Ujumbe wa sauti upigwe marufuku mpaka wimbo uishe, maana ukiufungua tu unausimamisha muziki. Kabla ya kuanza, toa jambo moja la kusikiliza: besi inaingia wapi, gita la rizimu linajibizana vipi na la solo, kiitikio kinabebwa na wangapi. Swali la aina hiyo linawafungua hata wanyamavu.

Utambulisho wa nyimbo unahitaji subira. Atomic Jazz na Jamhuri Jazz zote zilikuwa bendi za Tanga, na mwenye kunakili kanda hakujali jina. Kwenye taarabu ni vigumu zaidi: kundi la Lucky Star lilizaliwa kutoka kundi la Black Star, na mwimbaji Shakila aliimba kote kuwili, kwa hiyo kumtambua yeye hakukuambii ni kundi gani. Tafuta santuri yenyewe. Kibandiko chake kina namba, jina la lebo na upande. Nyingi zilitengenezwa Kenya, na za mizunguko 45 kwa dakika zilibana dakika chache kila upande, ndiyo maana wimbo mmoja hukatwa sehemu ya 1 na ya 2. Ziache zikiwa mbili. Ukiziunganisha unafuta ushahidi. Jina la faili liwe bendi, wimbo, sehemu, namba ya santuri, na neno "haijathibitishwa" panapostahili.

Na haki za wenyewe: sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kundi likae la faragha, lisiuze chochote, na familia ya msanii ikiomba wimbo uondolewe, uondoe siku hiyo hiyo. Mkitaka kuupandisha hadharani, nendeni kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, mkaulize nani anamiliki.

Wazee wa barabara za Ngamiani wasio na simu janja wapelekeeni spika ndogo barazani, kisha andikeni wanachokisema kwa jina la wimbo na tarehe. Mzee akimtaja mpiga solo, badilisheni jina la faili na muitume upya, mkieleza nani aliyethibitisha.

Mjomba wako