Barua ya wazi kwa Mtakwimu Mkuu wa Serikali: kapu la bei linalopimwa ni la nani?

Ndugu Mtakwimu Mkuu,

Mimi ni mwenye duka la rejareja Mbagala, Dar es Salaam, na kila mwezi husubiri tangazo la ofisi yako la mfumuko wa bei ili nililinganishe na daftari langu la mauzo. Sina shaka na uadilifu wa wataalamu wako. Linalonisumbua ni kapu lenyewe, yaani orodha ya bidhaa na huduma ambazo bei zake hupimwa, kila moja ikipewa uzito kulingana na fungu lake katika matumizi ya kaya.

Katika Fahirisi za Bei za Taifa zilizotumia 2010 kuwa mwaka wa kizio (yaani wa kulinganishia), chakula na vinywaji visivyo na kilevi vilibeba asilimia 47.8 ya kapu lote. Katika kapu la 2015 sehemu hiyo ikashuka hadi asilimia 38.5, na katika lile lililoanza kutumika 2021, ambalo msingi wake ni Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya wa 2017/18, ikawa asilimia 28.2. Kwa kiasi fulani hiyo ni habari njema, kwa kuwa mtakwimu wa Kijerumani Ernst Engel alikwisha kuonyesha mwaka 1857 kwamba kadiri kipato cha kaya kinavyokua, ndivyo fungu linaloishia kwenye chakula linavyopungua. Hata dukani naona fedha zikihamia kwenye bando, gesi ya mtungi mdogo na nauli ya bodaboda.

Hata hivyo, utafiti huo huo wa 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, na kati ya hizo shilingi 33,748 ni za chakula peke yake, yaani zaidi ya theluthi mbili. Watu walio chini ya mstari huo walikuwa asilimia 26.4. Kwao, kapu ambalo chakula hakifiki hata theluthi moja ni kapu la jirani mwenye nacho. Sababu inaeleweka: matumizi ya kaya zote yanapojumlishwa, kaya inayotumia milioni mbili kwa mwezi huwa na uzito mara kumi ya ile inayotumia laki mbili.

Mwaka 2022 mafuta ya kula, unga na mchele vilipopanda, wastani wa mfumuko wa bei kwa mwaka ulikuwa asilimia 4.3. Wateja wangu waliozoea kuchukua mafuta lita nzima walirudi kwenye mafuta ya kupima, na kurasa za madeni zikajaa kabla ya katikati ya mwezi. Takwimu ile ilikuwa sahihi kwa kapu lake, lakini mama aliyekopa nusu kilo ya sembe hakuwamo ndani yake kwa uzito anaostahili, na inauma kwamba nyongeza ya mshahara wa mumewe ilijadiliwa kwa takwimu hiyo hiyo.

Ninaomba, kwa heshima, kapu lijalo litakapoandaliwa, ofisi yako itoe kila mwezi, sambamba na fahirisi ya Taifa, fahirisi ya pili inayotumia mgawanyo wa matumizi wa moja ya tano ya kaya zenye kipato cha chini kabisa. Mgawanyo huo unaweza kukokotolewa kutokana na shajara za matumizi ambazo kaya zenyewe zilijaza katika utafiti wa kaya.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwenye duka, Mbagala